Fundi Aliyekula Kisiwani

Kwa miaka tisa Fundi alikaa mlango wa tatu kutoka mlango wetu, na kwa miaka tisa hakutia kinywani hata punje moja ya wali wa mama yangu. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu ndilo lililotuuma. Mengine yake mengi yalikuwa mema, na mtu akiniuliza leo ni jirani gani namkumbuka kuliko wote katika nyumba zote nilizopanga Johannesburg, namtaja yeye bila kusita. Lakini nikisema "jirani mwema" nikaishia hapo nitakuwa nimedanganya. Alikuwa mwema na alikuwa akituudhi, na siku nyingine aliyafanya yote mawili kabla ya saa nne asubuhi.

Nyumba yenyewe iko Bellevue, ni ya zamani, na mwenye nyumba aliikatakata kwa mbao mpaka sebule ikazaa vyumba viwili. Jiko lilikuwa moja, la wapangaji wote. Mimi na mama tulikaa chumba cha mbele. Mimi nasuka nywele saluni, mama anabaki nyumbani na redio yake na vyungu vyake. Fundi alikuwa na chumba cha nyuma, kilichofunguka uani. Mjakaranda wa jirani ulimwaga maua yake kila Oktoba mpaka ua wote ukawa wa zambarau, na maua yakaingia chumbani kwake hadi chini ya cherehani. Hakuyafagia. Alishona mlango ukiwa wazi, miguu yake mikubwa ikikanyaga pedeli katikati ya maua, na ukimwambia nikufagilie anakujibu, "Acha, dada, hayasumbui mutu."

Alishona sare za kwaya, suti za harusi, na magauni ya akina mama wa kanisa. Tepu ya kupimia ilining'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka jioni, lakini sikuwahi kumwona akiitumia ila kwa mteja mgeni, ili asiogope. Sisi wengine alitutazama mara moja tu. Mwaka ule nilioumwa nikakonda, alinishonea sketi bila kuniuliza kitu, akaacha kitambaa cha ziada ndani ya pindo. "Utarudia mwili yako," akasema. Nikaurudia, akaachia pindo. Ndiyo maana nasema ilikuwa vigumu kumchukia.

Kule jikoni alikuwa mtu mwingine kabisa. Kabati lake lilikuwa na kufuli. Si kufuli la kuzuia wezi wa sukari, kwa maana hilo kila mpangaji analo. Lake lilikuwa kubwa, la lango. Hakuacha sufuria jikoni hata akiitwa na mteja. Akiitwa, huzima moto, hubeba sufuria kwa kitambaa, huenda nayo hadi mlangoni, humsikiliza mteja akiwa na sufuria mkononi, na hurudi nayo. Maji yake ya kunywa aliyafunga kwenye chupa, na chupa aliilaza chini ya mto. Wapangaji walimcheka. Mimi pia nilimcheka, na mbele yake, naye akacheka pamoja nasi huku kashikilia sufuria yake ileile.

Na kulikuwa na tabia iliyomchefua mama kuliko zote. Fundi hakuwa mchoyo. Akipika maharage, au samaki wadogo wale wa kwao anaoletewa wakiwa wamekaushwa, atakuletea sahani. Lakini kabla hujaipokea, palepale mlangoni, atachukua kijiko, achote chakula chako, ale, ameze, akutazame machoni, kisha ndipo akukabidhi. Mama alirudi ndani na sahani ile kashika kwa ncha za vidole.

"Huyu katoka wapi mtu huyu? Anakupa chakula kisha anakila yeye mwanzo!"

"Labda ana njaa, mama."

"Mwenye njaa hula kwake, haji kulia mlangoni kwangu."

Mama ni mtu wa Tanga, na kwake yeye kupika na kupakua ndiyo lugha anayoongea vizuri kuliko nyingine. Johannesburg hakuipenda, baridi yake hakuizoea, majina ya barabara hakuyashika. Alichoshika ni njia ya kwenda Mayfair kwenye maduka ya Wasomali, anakopata nazi, ukwaju na nyama ya halali, na njia ya kurudi nayo. Akipika biriani la Idd, ngazi zote za nyumba ile zinajua. Hupakua sahani za majirani wote, wa dini zote, akazifunika kwa vitambaa alivyodarizi mwenyewe. Sahani ya Fundi ilitangulia, kwa kuwa alikuwa mtu mzima, mjane, na mpweke.

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Aliinama. "Aksanti sana, mama. Mungu akubariki." Kesho yake kitambaa kilirudi kimefuliwa, kimepigwa pasi, na pale uzi wa darizi ulipokuwa umefumuka, kimeshonwa upya. Sahani nayo ilirudi inang'aa. Mama akafurahi mwaka wa kwanza, akafurahi mwaka wa pili. Mwaka wa tatu alikwenda kutupa takataka akamkuta mlinzi wa duka la jirani kakaa kwenye kreti, anakula biriani letu kwenye sahani yetu yenye ua la bluu. Kijana wa watu akamwambia kwa furaha kwamba mzee mshonaji humpa chakula hiki kila sikukuu.

Mama hakumgombeza yule mlinzi. Alirudi ndani, akakaa kitandani, akavua viatu, akavitazama. Nilimuuliza ana nini, akasema, "Kumbe ananiona mchafu." Nikamwambia haiwezekani. Akasema, "Basi ni kwa sababu sisi ni Waislamu." Nikasema hata hilo sidhani. "Basi niambie wewe ni nini," akasema. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu mimi ni ya kelele, lakini mama alinikataza kwenda kumuuliza. Alisema mtu hambembelezi mtu ale. Mwaka uliofuata alipeleka sahani kama kawaida. Akaendelea hivyo kila Idd, akijua inakokwenda, na kitambaa kikaendelea kurudi kimepigwa pasi.

Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Binti huyo alikwenda Durban kufanya kazi kwenye duka karibu na bandari, na huko akapendana na Mfilipino, mpishi wa meli. Tulipoona picha ya harusi tulifikiri Fundi atakasirika. Akaitundika picha juu ya cherehani. Mkwe wake alipomaliza mkataba wa melini akamchukua mkewe wakaenda kuishi kwao, kwenye kisiwa ambacho Fundi alilitamka jina lake kila siku kwa namna tofauti, mpaka leo sijui lipi lilikuwa la kweli. Wakamwita awatembelee. Karatasi za safari zilichukua mwaka mzima na zaidi, na hatimaye akaondoka na sanduku moja, na ndani ya sanduku, niliona kwa macho yangu, biskuti, karanga, na maji ya chupa ya kumtosha hata angepotea baharini.

Alikaa huko wiki tano. Aliporudi alikuwa kanenepa.

Sijui niielezeje miezi iliyofuata. Mtu yule aliyekuwa haongei ila kwa kipimo, alianza kusimulia, na alichosimulia kilikuwa chakula tu. Hakusimulia ndege, hakusimulia bahari. Nilikuwa nikitoka saluni alasiri, zile alasiri za majira ya joto mawingu yanapopanda juu ya mji na kila mtu anangojea radi, napita uani kuanua nguo, nami najikuta nimekaa kwenye kizingiti chake. Cherehani inakwenda, taratibu, na sauti yake inakwenda nayo. Alisimulia supu ya ukwaju, chachu mpaka unafumba jicho moja, ndani yake kamba na bamia na majani ya viazi. Alisimulia kuku aliyepikwa kwa siki na vitunguu saumu mpaka mchuzi ukawa mweusi. Kuna samaki mbichi, dada, mbichi kabisa, anakatwa vipande, anamwagiwa siki na ndimu ndogo za kijani zilizo sawa na gololi, na pilipili, na tangawizi, na unamuona anageuka mweupe bila moto. "Mi nilimungojea yule samaki," anasema, "namuangalia, nasema sasa atalala, sasa atalala. Akalala." Na hapo cherehani inasimama, Fundi anatazama uani, na mimi pia natazama uani, na kwa muda sote wawili hatupo Bellevue.

Nilikiota kile kisiwa. Sijawahi kufika hata Durban, lakini nilikiota mara kadhaa, na daima ilikuwa ndoto moja. Natembea kwenye njia ya mchanga mweupe, nyumba ni za miti, moshi unatoka kila jiko, na kila moshi una harufu yake. Hakuna anayenijua na hakuna anayeniuliza nimetoka wapi wala karatasi zangu ziko wapi. Ninapoamka nasikia magari ya Bellevue yakipiga honi kwenye robot, yaani taa za barabarani, na harufu inabaki puani kwa dakika nzima.

Hata mama alikuwa akisikiliza. Alijifanya anachambua mchele kwenye benchi la uani, mgongo kampa Fundi, lakini mchele ule ulichambuliwa mara tatu. Fundi akisema kuna mkate wa mchele na tui unaookwa juu ya jani la mgomba, moto chini na moto juu, mama ananong'ona, "Mkate wa kumimina huo." Akisema wanatia majani ya mlonge kwenye mchuzi wa kuku, mama anatikisa kichwa kwamba hao watu wanajua. Siku moja Fundi alisahau akaanza kumsifia nguruwe mzima aliyechomwa, ngozi yake inavyolia kama biskuti, na mama bila kugeuka akasema, "Fundi, huyo mruke."

"Samahani, mama. Nimeruka."

"Baada yake mlikula nini?"

"Kunde, mama. Kunde na tui."

"Haya, endelea na kunde."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote kwa miaka mingi, na niliyafurahia. Lakini jioni ile ile mama aliniambia, akiwa amenipa kisogo kitandani, "Kwa watu asiowajua amekula mpaka samaki mbichi." Nililala na kisu cha maneno hayo, na asubuhi sikwenda kazini kwanza, nilikwenda uani.

Nilimkuta anatia uzi kwenye sindano. Nikamwambia yote, tena kwa sauti ya juu: mlinzi, sahani yenye ua la bluu, mama kukaa kitandani akitazama viatu. Nikamwambia kwamba kama biriani letu ni la kupewa mlinzi, basi aseme, tumpelekee mlinzi wenyewe. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliweka sindano kwenye kola yake, akanionyesha kigoda.

Alinieleza kwamba alikotoka, upande wa Bukavu, watu wanaogopa sumu. Haisemwi kwa sauti, lakini kila mtu anajua, na kila mtu ana ndugu ambaye inasemekana alilishwa. Kwa hiyo mwenyeji anayekupenda, kabla hajakupa chakula au kinywaji, anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako. Ndiyo heshima kubwa. Asiyeonja anakutukana, au anakuua. Mke wa Fundi mwenyewe alikwenda kwenye karamu ya ubatizo, akala sahani aliyopewa na mama mmoja ambaye hakuonja kwanza, na siku ya nne akafa. Daktari alisema ni ini, lilikuwa linaumwa kitambo. "Daktari alisema kweli, nadhani," Fundi akaniambia. "Lakini mukono yangu haisikilizaki daktari. Nikishika chakula ya mutu, inatetemeka."

Nikakumbuka kijiko chake kule mlangoni, na ile tabia ya kututazama machoni anapomeza. Nikaona aibu. Miaka yote ile alikuwa akitupa heshima yake kubwa, nasi tunaipokea kwa ncha za vidole.

"Na kisiwani je?" nikamuuliza. "Huko ulikulaje?"

Akacheka. Alisema siku ya kwanza alifika na biskuti zake mfukoni, akiwa ameshaandaa uongo wa tumbo kuuma. Wakwe zake wakatandika majani ya mgomba kwenye meza ndefu, mwanzo hadi mwisho. Hakuna sahani. Wakamwaga wali katikati kama tuta, juu yake samaki, kamba, mboga, maembe mabichi. Wakanawa, wakasimama pande zote mbili, bibi na wajukuu na majirani, wakaanza kula kwa mikono kutoka tuta lilelile. "Nikaangalia, nikasema, humu nani atamutilia nani? Ukitaka kuniua mimi, utaua kijiji." Akanyoosha mkono. Mkono haukutetemeka. Alisema alikula akilia, na wakwe zake wakadhani ni pilipili.

Baada ya siku ile hakuzuilika. Kumbe kule, kama kwetu, mtu akipita huku watu wanakula, wanamkaribisha. Neno lao la kukaribisha alilikariri siku ya pili. Na kama kwetu, mpitaji anatakiwa ashukuru, aseme ameshiba, apite zake. Fundi hilo hakulijua, au miaka yake ya njaa haikutaka kulijua. Kila nyumba iliyomwita, aliingia. Alikula kwa mwuza samaki, akala kwa mwalimu, akala kwa mafundi wa boti, asubuhi moja akastaftahi mara nne. Watu walimsogezea nafasi, wakamtazama, wakaongeza wali. Wiki ya pili binti yake alimkalisha chini akamwambia, "Papa, banasema tu. Ni adabu." Alipata haya kiasi kwamba siku nzima hakutoka. Jioni mwuza samaki akaja kumfuata nyumbani, na bakuli, kuuliza kwa nini mgeni hapiti tena.

"Unaona, dada," Fundi akaniambia. "Kule walisema karibu kwa adabu tu, nikaingia. Hapa mama alisema karibu na roho yake yote, nikakataa. Mi ni mupumbavu wa namna mbili."

Nilikimbia kwa mama na habari ile nikidhani nimebeba dawa. Nilimwambia jambo ni dogo, mama, Idd ijayo uonje tu kijiko kimoja mbele yake, atakula. Mama alisikiliza habari ya mke akasikitika, akamwombea. Halafu uso wake ukafunga.

"Nionje?"

"Kijiko kimoja tu."

"Mwanangu, nimelisha watu tangu sijavunja ungo. Nimelisha misiba na harusi. Leo nisimamishwe mlangoni kwangu nionje chakula changu kama mshitakiwa, ndipo niaminiwe? Akitaka ale. Asipotaka, nitampelekea, ampe mlinzi."

Nilimbembeleza, nikanuna, nikambembeleza tena. Nilirudi kwa Fundi nikamwambia mama hataki. Alikubali kwa kichwa, bila kushangaa. "Ana haki," akasema. "Na mimi niko na mukono." Wakabaki hivyo, mmoja na kiburi chake na mwingine na mkono wake, wakisalimiana kila asubuhi kwa heshima tele, na mimi katikati yao nikitamani kuwagonganisha vichwa.

Nisiwaache mkidhani alikuwa mtu wa majonzi. Alipenda mieleka ya kwenye televisheni. Alikuwa mbishi wa mpira asiyejua mpira. Baada ya kisiwa alianza majaribio ya kupika vyakula vile jikoni kwetu, kwa ukwaju wa Mayfair na samaki wa makopo, na matokeo yake yalitisha. Aliyaonja mbele yetu kwa heshima zote, na kwa mara ya kwanza tulimwelewa akikunja uso. Kufuli la kabatini lilipungua ukubwa. Siku moja nilikuta sufuria yake imeachwa jikoni peke yake, inachemka, naye yuko uani na mteja. Nilisimama kuilinda. Sikujua naifanyia nini, lakini sikuondoka mpaka aliporudi.

Mwaka huu binti yake alijifungua, akamwita baba yake moja kwa moja. Mkwe alikuwa anajenga chumba cha ziada. Fundi akauza cherehani moja, akaisafirisha nyingine, akagawa vitambaa vilivyobaki kwa akina mama wa kwaya. Safari ilikuwa siku ya Alhamisi, ndege jioni, gari la kumpeleka uwanjani saa saba mchana. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Mama alikuwa amekwisha kuniambia tangu asubuhi kwamba hatakwenda uani kumuaga, atamuagia dirishani, kwa sababu hana nguvu. Nilijua nguvu anazosema siyo za mwili.

Saa nne asubuhi mlango wetu ukagongwa. Fundi alikuwa amevaa suti aliyojishonea mwenyewe, ya kijivu, na hakubeba kitu chochote. Alimwamkia mama, akabaki amesimama.

"Mama," akasema, "nina njaa. Nimekuja kula kwako."

Mama alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Fundi, tumefunga."

"Najua, mama."

"Mimi nimefunga, na huyu amefunga. Hakuna humu atakayeonja. Hata ningetaka leo, siwezi."

"Najua. Njo maana nimekuja leo. Sitaki uonje."

Mama alichukua kanga akajifunga kiunoni, akaenda jikoni, nami nikamfuata. Sikuwa nimemwona akipika vile siku nyingi. Alikuna nazi yake ya futari yote. Alikaanga samaki, akamrudisha kwenye tui na ukwaju, akapika wali, na mikono yake iliyozoea kuchovya kidole na kuonja ikawa inafika karibu na mdomo, inakumbuka, inarudi. Harufu ilijaa nyumba mpaka mate yakanijaa nikaenda kuyatema nje. Wapangaji wawili walikuja kuchungulia wakaona nyuso zetu, wakarudi vyumbani.

Tulimtandikia mkeka chumbani. Mama akapakua, akaweka sahani mbele yake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono magotini. Mimi nilisimama mlangoni. Nikaona tulivyokaa: watu wawili wamempa mtu chakula, na wala hawagusi, wanamtazama ale. Ndicho hasa alichokuwa akikikimbia tangu mkewe afe. Nilitaka kusema kitu, nimwite mmoja wa wapangaji aje ale naye, chochote. Mama akaninyamazisha kwa jicho.

Fundi alinawa. Akafanya ishara ya msalaba. Akanyoosha mkono, na mkono ukatetemeka, tuliuona sote watatu. Vidole vilifika juu ya wali vikasimama, vikitikisika. Mama hakugeuza uso wala hakusema karibu. Nje pikipiki ilipita. Kisha Fundi akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akatia kinywani, akatafuna huku anamtazama mama machoni, akameza.

Tukangoja.

"Vipi?" mama akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Fundi alifikiri. "Mama, nikuambie kweli?"

"Niambie."

"Chumvi haiko ya kutosha."

Mama alifunika mdomo kwa kanga. Mabega yakaanza kumcheza, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia. "Nitajuaje, nami nimefunga?" akasema. "Miaka tisa nakungoja, unakuja kunitoa makosa!" Akainuka haraka kuliko umri wake, akaenda jikoni kuleta chumvi, machozi yakimtiririka na hayafuti. Gari lilipiga honi mara mbili barabarani, saa saba haijafika bado. Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa amesogeza sahani karibu na anakula, na mkono wake wa kushoto alikuwa ameshaunyoosha kwangu, kiganja juu, anaomba wali mwingine.